Maziwa Niliyoyamwaga Kichuguuni

Doto mwanangu,

Shikamoo yako ya leo asubuhi nimeipokea, marahaba. Ya kesho usinipe mpaka uwe umesoma karatasi hizi zote. Ukishasoma utaona mwenyewe kama mimi bado ni mtu wa kuamkiwa.

Nimeandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa katekisimu aliomba anisaidie, nikamwambia kaa na chaki zako. Mimi nilijifunza herufi kichwa kikiwa cheupe tayari, nikakaa benchi moja na vitoto vinavyojikojolea, na kabla ya mavuno vyote nilikuwa nimeviacha nyuma. Hakuna mzee mwingine kijiji hiki anayeweza kuandika hata jina la mbuzi wake. Leo ni siku ya tatu niko na kalamu hii. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya Uvinza, lakini kila herufi nimeibeba mwenyewe.

Habari za sanduku, za maji ya kuchemsha, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya treni, shangazi yako Nyamizi amekwisha kukujaza masikio. Yeye ndiye aliyekulea, anajua. Mimi sikulea mtu. Mimi nina jambo moja tu, nalo si la safari.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yako Kalunde anaamini kwamba maziwa yake ndiyo yaliyomuua pacha wako Kulwa. Ameamini hivyo tangu ukiwa mchanga mpaka wiki hii. Si kweli. Kulwa hakuuawa na maziwa. Kulwa aliyakosa maziwa, na aliyemkosesha ni mimi.

Haya. Sasa unaweza kukaa vizuri usome.

Jumapili ulipotoka kumuaga mama yako kule kambi ya wagonjwa wa ukoma, ulikaa kizingitini ukakataa kula. Nikakuuliza umemkuta mzima? Ukasema mzima. Kisha ukaniambia kwamba kama kawaida yake alikukataza kumsogelea, akakuambia ugeuke, ushushe kanga mgongoni, akakukagua kwa mbali akitafuta doa. Hakuliona. Ndipo akasema, "Wewe umepona tu, mwanangu. Mwenzako nilimmaliza kwa maziwa yangu. Ukifika huko kwenye ukunga, ukimwona mwanamke mwenye ugonjwa wangu, mwambie asikamue hata tone."

Ukaniuliza mbele ya shangazi yako, "Baba, shangazi siku zote anasema maziwa ya mama yalikatika, ndiyo maana nikanyonya kwa Mama Shija. Mama anasema hayakukatika hata siku moja. Nani mwongo?"

Mimi nikatema mate pembeni nikasema, "Mama yako mgonjwa. Kichwa chake kimechoka, amesahau."

Ukaamini. Mtoto mwenye akili kama wewe, uliyewashinda wote pale shule ya misheni, akili uliyoichukua kwangu, ukaamini. Nilikuona ukimhurumia mama yako kwa kusahau, naye ndiye pekee kati yetu anayekumbuka kila kitu. Tangu hapo sijala vizuri. Sisemi hivyo unionee huruma. Nasema ujue kwa nini nimeshika kalamu.

Basi sikiliza tangu mwanzo.

Unajua mimi nilikuwa mpagazi. Hilo umelisikia mpaka limekuchosha, lakini utalisikia tena kwa sababu bila hilo huelewi mengine. Kabla reli haijafika Tabora, mimi nilibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani mara nne. Wengine walibeba uzito wa frasila mbili wakalia. Mimi nilibeba mbili na nusu, na jioni nikacheza ngoma. Bega langu hili la kulia lina nundu, umeigusa ukiwa mdogo, ukauliza ni nini, nikakuambia ni cheo. Mnyapara wa msafara alikuwa akisema, mkimwona Mihayo anakwenda, nyie fuateni, msiulize njia.

Nikaoa nikiwa mtu mzima sana. Kalunde alikuwa binti wa Usinge, mchekaji, mwenye miguu ya mbuni, anatembea huku anaongea huku anamenya karanga. Alipochukua mimba niliona dunia yote imenyamaza kunitazama. Mimba ilipokuwa kubwa, akatokwa na mabaka mgongoni, mekundu, ukiyagusa hasikii. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kulala. Tukaenda misheni. Mganga Mzungu akamchoma sindano kwenye baka, yeye Kalunde akaendelea kunisimulia habari za jirani yetu. Hakusikia kitu. Ndiyo nikajua.

Wakampeleka kambini, akajifungulia huko. Mapacha. Kulwa mbele, Doto nyuma. Wewe ulikuwa mdogo kama mkono wa mwiko. Sista, yule Mzungu aliyeangalia kina mama, akatuita akasema watoto hawawezi kukaa kambini, na wasiwekwe kifuani kwa mama hata mara moja. Lakini maziwa yenyewe hayana neno. Akamue, yachemshwe, yapelekwe. "Nani atapeleka?" akauliza. "Kutoka hapa mpaka kwenu ni saa tatu kwa miguu."

Nikacheka. Nikamwambia sista, umemuuliza samaki kama anajua maji.

Akampa mama yako kitu cha kukamulia. Kilikuwa kioo chenye mdomo mpana kama tarumbeta ndogo, nyuma kina mpira mwekundu wa kuminya. Ukiweka kioo kwenye ziwa, ukiminya na kuachia, maziwa yanavutwa. Na chupa kubwa ya dawa, imechemshwa, ina kizibo. Mimi nikaizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji, nikaiweka ndani ya kikapu, kikapu begani. Nilipita njia ile ile ya zamani ya misafara, ambayo sasa majani yameimeza. Nilijisifu njia nzima peke yangu. Nilikuwa nimebeba pembe za watu wote wa dunia, na sasa nabeba chakula cha wanangu.

Hujui mama yako alikuwa anafanyaje. Sikiliza, maana unakwenda kuwa mkunga na hakuna atakayekufundisha hili vizuri kuliko yeye. Alikamua jogoo la kwanza. Alikamua jua likitoka. Alikamua kabla ya chakula na baada ya chakula, na alasiri, na akienda kulala. Hana mtoto wa kumwangalia. Mwanamke mwingine anampakata mtoto, mtoto anavuta, maziwa yanashuka yenyewe. Yeye alikuwa anapakata kioo. Siku za kwanza alipata unene wa kidole tu chini ya chupa, na machozi mengi kuliko maziwa. Kisha akagundua kwamba wana-mbuzi wa sista wakilia, maziwa yanamwagika yenyewe mpaka kanga inalowa. Basi akawa anakwenda kukaa karibu na zizi la mbuzi na kioo chake, anasubiri walie. Watu wa kambi wakamcheka. "Kalunde, baba wa watoto ni beberu nini?" Na yeye akacheka nao, akakamua.

Aliifunga chupa uzi mweusi mahali maziwa yalipoishia. Kesho yakipita uzi, anausogeza juu. Nikifika ananionyesha kwa mbali, ameiweka chupa juu ya jiwe, yeye amerudi nyuma hatua kumi kama sheria ilivyotaka. "Baba Kulwa, tazama uzi!" Mimi natazama. Nasema, "Umejitahidi." Hata siku moja sikumwambia neno kubwa kuliko hilo.

Mwezi mmoja na nusu mlikunywa maziwa hayo, nyote wawili. Mkanawiri. Kulwa alikuwa na mikunjo ya shingo. Nyamizi alikuwa anaifuta jasho kwa kidole. Hilo lishike, Doto. Wewe uliyakunywa mwezi na nusu na hadi leo mgongo wako ni safi kama yai.

Kisha siku moja niliwahi kufika. Nilitaka kuonyesha kwamba saa tatu ninaweza kuzifanya mbili na nusu. Sikupiga hodi. Nikamkuta mama yako amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, ziwa moja liko nje, ameshika kioo kwa mkono wa kulia. Na mbele yake amechuchumaa mwanamume. Mwanamume ndiye aliyekuwa anaminya mpira.

Nilisimama. Yule mtu anaminya, anaachia, anaminya, anaachia, na mama yako anamwambia, "Polepole, babu, hapo hapo." Wakacheka kitu.

Nikarudi nyuma, nikapiga hodi ya mbali, nikangoja chupa iwekwe juu ya jiwe, nikaichukua. Uzi ulikuwa umepanda. "Tazama, Baba Kulwa!" Nikatazama.

Wewe umesoma, labda utacheka, lakini mila unaijua. Mwanamke anayenyonyesha akienda na mwanamume mwingine, maziwa yake yanabemenda mtoto. Mtoto anakonda, tumbo linavimba, anakufa. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nilitembea na ile chupa begani kama nimebeba nyoka. Kati ya njia kuna kichuguu kikubwa, zamani wapagazi tulikuwa tunaegemeza pembe pale tukipumzika. Nikasimama. Nikatoa kizibo. Nikaimwaga yote kwenye tundu la kichuguu, nikatazama mchwa wanavyotoka.

Nilipofika nyumbani Nyamizi akaja mbio na mwiko mkononi. "Yako wapi?"

"Yamekatika."

"Yamekatikaje? Jana yalijaa!"

"Ugonjwa. Yamekatika, nimesema."

"Sasa watoto wale nini, Mihayo? Wale nundu yako?"

Mimi nikamwambia awape uji mwepesi wa uwele na maziwa ya mbuzi yaliyotiwa maji. Akaniangalia hivi. "Watoto wa mwezi na nusu. Miguu unayo, kaka, akili umeisahau Ujiji."

Sasa hapa ndipo utaniuliza, kwa nini kesho yake nilikwenda tena kambini? Kama maziwa ni mabaya, si ningebaki nyumbani? Nilikwenda kwa sababu nilitaka akamue. Umenielewa? Nilitaka aamke jogoo la kwanza na kioo chake, akae na mbuzi, achanike chuchu mpaka damu, apandishe uzi, afurahi, na mimi nijue yanakwenda wapi na yeye asijue. Hiyo ndiyo adhabu niliyomtungia. Sikumpiga. Watu walikuwa wananisifu, Mihayo mkewe yuko kambini na hata siku moja hajakosa kwenda. Nilikuwa nachukua chupa, naiinamia kwa adabu, nasema umejitahidi, na kwenye kichuguu naimwaga. Kila siku. Mchwa wale walininenepea.

Nyamizi hakukaa na uji. Alikwenda kwa Mama Shija, jirani yetu, aliyekuwa na mtoto wake wa miezi mitatu. Mama Shija akasema, "Mmoja nitamchukua. Ziwa moja la mwanangu, moja la mgeni. Wawili siwezi, nitawaua wote watatu." Nyamizi akarudi na neno hilo. Alitaka ampeleke Kulwa, maana alikuwa ameanza kuharisha.

Nikakataa. Haya ndiyo maneno yangu, yaandike kichwani: "Mtoto wa kiume wa Mihayo hanyonyi ziwa la mke wa mtu. Huyo damu yake ni ya njia. Mpeleke huyo wa kike."

Basi ndivyo ulivyopona, Doto. Hukupona kwa sababu nilikupenda. Ulipona kwa sababu nilikudharau.

Kulwa akabaki na uji na damu yake ya njia.

Mpaka hapo ungeweza kusema ni ujinga. Mzee wa zamani, mila, wivu, ameona kitu akakielewa vibaya. Nami ningependa uishie hapo ukunje karatasi. Lakini nimesema nitaandika yote.

Siku moja nikamkuta yule mwanamume peke yake njiani, nje ya kambi, anapapasa ukingo wa njia kwa fimbo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na rungu. Nikamwita, "Wewe!" Akageuza uso. Macho yalikuwa meupe kama punje za wali. Mzee kuliko mimi, kipofu kabisa, ugonjwa umemla macho.

"Nani huyo?" akauliza. "Hiyo sauti si ya mwenzetu."

"Mihayo."

Akacheka, meno hana. "Ah! Baba Kulwa! Mwenye miguu! Mkeo anakusifu mpaka tunachoka. Watoto hawajambo? Mimi ndiye mkono wake wa kushoto. Vidole vyake vimekufa, hawezi kuminya mpira, sista akasema tafuta mtu. Wanawake wenzake vidole vyao ni kama vyake, na wanaume wenye macho akawakataa, akasema mume wangu ni mtu wa heshima. Akanichagua mimi kwa sababu sioni. Leo umepanda ule uzi? Huwa ananiambia ulipofika."

Nikasema umepanda.

Rungu nikaliacha kwenye majani. Nikachukua chupa siku hiyo, nikatembea nayo, na nilipofika kwenye kichuguu nikasimama. Nilijua sasa. Maziwa ni mazima. Kulwa nyumbani macho yamezama, lakini bado alikuwa analia, na mtoto anayelia bado anaweza kuokolewa. Nyumbani ni mwendo wa saa moja na nusu.

Lakini nilikwisha kumwambia Nyamizi yamekatika. Nikifika na chupa imejaa, atasema nini? Atajua nilimwongopea. Ataniuliza yale ya siku zote yalikwenda wapi. Atawaambia wanawake kisimani, na watanicheka kutoka hapa mpaka Tabora: Mihayo alimwonea wivu kipofu. Mimi, niliyewaongoza watu pori la Uvinza. Mimi sijawahi kurudi nyuma.

Nikaimwaga.

Kuna siku niliwaongoza watu kumi na wawili, kijana bado, tukashika njia siyo. Nilijua kabla ya adhuhuri. Sikusema. Nilitembea mbele nikiimba mpaka kesho yake, kwa aibu ya kugeuka, na mtu mmoja akalala chini kwa kiu asiinuke. Hadithi hiyo huwa nawasimulia ninyi kama kichekesho, jinsi tulivyoibukia kijiji kisichojulikana tukapewa pombe. Yule mtu huwa simtaji. Kumbe tangu siku ile nilikuwa na ugonjwa mbaya kuliko wa mama yako, tena nao hauna maumivu ukichomwa sindano.

Siku tisa baada ya kumjua yule kipofu, Kulwa alikufa. Asubuhi, mikononi mwa Nyamizi, na uji kwenye mdomo. Tulimzika mbugani penye unyevu kama pacha anavyozikwa.

Kesho yake nilikwenda kambini. Nyamizi alidhani nakwenda kumpa mama habari. Nami nilidhani hivyo. Njia nzima nilisema moyoni, leo namwambia. Nikamkuta amesimama karibu na jiwe, hajarudi nyuma hatua kumi, amesahau sheria kwa furaha. Chupa imejaa mpaka kwenye kizibo. Uzi ameufungua, ameutupa. "Uzi hauna kazi tena, Baba Kulwa! Imejaa! Tuombe chupa ya pili!"

Nikasema, "Kulwa amekufa."

Akauliza, "Kwa nini?"

Mwanangu, swali lilikuwa jepesi. Alinipa mlango wazi, na mimi nikaona kwamba akijua ukweli atanitazama kwa namna ambayo sitaiweza. Nikasema, "Maziwa yako. Yana ugonjwa. Yamemmaliza."

Sista alikuwa amesema hayana neno. Kalunde hakumwamini sista. Aliniamini mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natembea.

Akauliza, "Na Doto?"

"Bado yupo. Nimemtafutia mnyonyeshaji."

Akasema, "Asante, baba Kulwa. Mungu akulipe." Akaichukua ile chupa, akaimwaga yeye mwenyewe, polepole, akiiangalia. Kisha akajifunga kifua kwa kaniki, akakaza mpaka pumzi ikamkata. Yule kipofu alinisimulia baadaye kwamba maziwa yalimvimba yakawa mawe, homa ikampanda, na wana-mbuzi wakilia alikuwa anaziba masikio. Sista alimbembeleza akamue kidogo tu apate nafuu. Alikataa. Alisema sumu haikamuliwi.

Na tangu wakati huo, kila mwaka baada ya mavuno, nikienda kumsalimu, anapiga magoti kwenye mchanga kwa mbali na kuniomba nimsamehe kwa ajili ya mwanangu wa kiume. Na mimi, Doto, kila mwaka nimesema, "Nimekusamehe, mama Kulwa. Inuka." Nikarudi nyumbani nikala vizuri. Mara zote hizo. Sasa hana tena vidole vya mkono wa kushoto, na bado hupiga magoti.

Nyamizi hajui. Anaogopa kambi, hajakanyaga huko tangu zamani. Hajawahi kukaa na Kalunde wakalinganisha maneno. Kati ya wanawake wale wawili mimi tu ndiye niliyekuwa nakwenda na kurudi, na nilibeba nilichotaka. Mtu wa kwanza kuyaweka maneno yao pamoja ni wewe, Jumapili, pale kizingitini, nami nikasema mama yako amesahau.

Sina mafundisho. Wengine wakimuaga mtoto wanampa mafundisho. Nitakuambia moja tu la kazi yako. Huko hospitali watakuja wanaume na kusema, mke wangu kule ana maziwa, nampelekea mtoto kila siku, sijakosa hata siku moja. Watakuwa na sauti nzuri na vifua vipana. Wewe usiwasikilize. Mtazame mtoto shingoni, kama ana mikunjo. Mtoto hajui kujisifu.

Na lingine labda, si la kazi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kwa mtu mmoja, hata kwa mtu asiye na maana. Ningemwambia yule kipofu tu pale njiani, Kulwa leo angekuwa anakubebea sanduku. Ukililaza kosa usiku mmoja, kesho yake utakuwa na makosa mawili na utaanza kulilinda la kwanza kwa la pili. Sijui padre anasemaje. Mimi nakuambia nilivyoona.

Sasa ninachokitaka. Kesho usipande treni. Najua umengoja siku hii miaka, najua tiketi imekwisha kukatwa na shangazi amekuchomea mihogo. Treni nyingine itakuja, na wakikuuliza huko Tabora kwa nini umechelewa, waambie baba yako alikuchelewesha. Chukua njia ya zamani, nenda kambini, kaa mbele ya mama yako umsomee karatasi hizi. Zote. Usiruke pale nilipojisifu, maana bila hapo hataamini kwamba ni mimi niliyeandika. Na pale pa rungu usipunguze.

Utauliza kwa nini nisiende mwenyewe. Miguu ninayo, hata kesho naweza kukuacha nyuma. Uso ndio sina. Nikimwona amepiga magoti, nitasema tena inuka nimekusamehe. Najijua. Mdomo wangu umezoea.

Kama hutaki kwenda, kama utapanda treni na kuzitupa hizi dirishani, sitakulaumu, na hata nikikulaumu usinisikilize. Lakini hapo ujue kwamba baada ya mavuno nitakwenda kama kawaida, naye atapiga magoti kama kawaida, na sasa tutakuwa wawili tunaojua.

Usimwambie nimeomba msamaha. Sikuomba. Sitaki apate kazi nyingine ya kunijibu.

Ila mwulize jambo moja. Nimekwisha kuwaambia watu wa hapa kwamba nikifa wasinizike juu pamoja na wazee, wanizike mbugani, kando ya Kulwa. Wamenung'unika, wakasema pale ni pa mapacha, nikawafokea, wakanyamaza. Mahali nimepasafisha kwa jembe langu. Mwulize Kalunde kama anakubali. Akikubali, sawa. Akikataa, niandikie neno moja tu, hapana, nami nitawaambia wachimbe kwingine, mbali, popote atakapotaka yeye.

Ni mimi,
Mihayo, aliyekuzaa